Mbinu za Kudhibiti Vigeuzi vya Umeme Vinavyolisha Maikroprosesa Pale Chanzo Kinapoyumba: Mfano wa Mkula, Mkoa wa Simiyu

Utangulizi

Katika maandiko mengi ya elektroniki ya nguvu, kigeuzi kinacholisha maikroprosesa huchunguzwa kana kwamba chanzo chake hakitikisiki. Volti 12 huingia, volti 1 hutoka, na misukosuko yote huhesabiwa kuwa ya upande wa mzigo. Dhana hiyo inafaa maabara na vituo vikubwa vya kompyuta. Haifai vivyo hivyo Mkula, eneo la vijijini la Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza na ambao makao yake makuu yako Bariadi. Katika maeneo ya aina hiyo, kompyuta ya zahanati, ya shule au ya ofisi ya kijiji hupata umeme kwa mojawapo ya njia mbili: gridi ya TANESCO, inayosambazwa vijijini kwa njia ndefu za kilovolti 33, au paneli ya sola na betri. Chanzo huyumba katika njia zote mbili, lakini hakiyumbi kwa namna moja.

Kompyuta inapojizima katikati ya kuingiza kumbukumbu za mgonjwa, watumiaji husema umeme umecheza, na mara nyingi huwa hawajakosea. Hata hivyo, kauli hiyo inaficha swali la kihandisi: ni kiungo gani kati ya nguzo ya umeme na maikroprosesa kilichoshindwa kuuzuia mchezo huo? Makala haya yanafafanua mbinu kuu za kudhibiti kigeuzi hicho, kisha yanajenga hoja kwamba mbinu ya udhibiti sharti ipimwe kwa misukosuko miwili, ule wa mzigo na ule wa chanzo. Aidha, yanaonyesha kwamba uchaguzi wa mbinu, ambao hufanywa kiwandani mbali na mtumiaji, ndio unaoamua fundi anaweza kubadilisha kipuri gani bila kuharibu uthabiti wa saketi.

Kazi ya kigeuzi

Maikroprosesa ya 8086, iliyotolewa na Intel mwaka 1978, ilitumia volti 5, na Pentium ya kwanza ya mwaka 1993 bado ilitumia volti hizo hizo. Mwaka 1995, Pentium Pro ilikuja na utaratibu tofauti: maikroprosesa yenyewe iliutangazia ubao mama, kwa pini maalumu, volteji inayoihitaji, na kigeuzi kilichowekwa karibu nayo kikaitekeleza. Tangu hapo volteji imeshuka hadi kukaribia volti 1, huku mkondo ukipanda. Maikroprosesa inayotumia wati 60 kwa volti 1 huvuta ampia 60, mkondo unaozidi ule wa nyumba nyingi za mjini.

Kushusha volti 12 hadi 1 kwa kidhibiti cha kawaida kinachochoma ziada kungepoteza wati 660 kwa ajili ya kupata 60. Njia hiyo inavumilika katika mizani ya kielektroniki, ambayo chipu yake huvuta miliampia chache; katika kompyuta haiwezekani. Hivyo hutumika kigeuzi-shusha cha swichi. Transista ya juu huunganisha koili na chanzo kwa muda mfupi, kisha hufungwa, na transista ya chini huuachia mkondo wa koili uendelee kuzunguka. Koili na kapasita hulainisha mipigo hiyo ikawa volteji tulivu. Sehemu ya mzunguko ambayo transista ya juu huwa wazi kupitisha umeme huitwa hapa uwiano wa mpigo, na katika hali tulivu inakaribia kuwa volteji ya kutoka ikigawanywa kwa volteji ya kuingia. Kwa volti 12 na 1, uwiano huo ni 0.083. Ikiwa kigeuzi hufanya mizunguko 500,000 kwa sekunde, kila mzunguko huchukua mikrosekunde 2, na mpigo wenyewe hudumu nanosekunde 167 tu. Ufupi huo wa mpigo ndio chanzo cha matatizo kadhaa yatakayoelezwa.

Mzigo usiosubiri

Maikroprosesa iliyokuwa imetulia ikianza kazi nzito, mkondo wake unaweza kuruka kutoka ampia 10 hadi 60 kwa muda ulio mfupi sana kulinganisha na mzunguko mmoja wa kigeuzi. Kigeuzi chenye saa ya kudumu, ikiwa mpigo umekwisha kupita, hakina budi kungoja mzunguko unaofuata. Kungoja mikrosekunde 2 huku ampia 50 zikipungua ni sawa na kuchota mikrokulombi 100 kutoka kwenye kapasita. Kapasita zikiwa na jumla ya mikrofaradi 1,000, volteji hushuka kwa milivolti 100, yaani sehemu ya kumi ya volteji yote, kabla kidhibiti hakijafanya lolote. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Virginia Tech nchini Marekani, wakiongozwa na Fred C. Lee, walipendekeza kugawa kigeuzi katika awamu kadhaa zinazopokezana. Kwa awamu nne, kungoja kwa juu kabisa kunakuwa mikrosekunde 0.5, na upungufu unakuwa milivolti 25.

Mzigo unapoondoka, hali ni nyingine kabisa, na jambo hili mara nyingi halipewi uzito unaostahili. Mkondo wa koili hupanda kwa kasi inayotokana na tofauti kati ya volteji ya kuingia na ya kutoka. Kwa koili ya mikrohenri 0.3, kasi hiyo ni takriban ampia 37 kwa mikrosekunde. Kushuka kwake hutegemea volteji ya kutoka peke yake: volti 1 kwa mikrohenri 0.3 ni ampia 3.3 kwa mikrosekunde. Tofauti ni mara kumi na moja. Awamu nne zikifanya kazi pamoja, ampia 50 za ziada huhitaji mikrosekunde 3.75 kumalizika, na kwa muda huo chaji ya mikrokulombi 94 humwagwa kwenye kapasita. Volteji hupanda kwa milivolti 94. Hakuna kidhibiti, hata kingekuwa na akili kiasi gani, kinachoweza kuharakisha mshuko huo maadamu muundo wa kigeuzi ni ule ule. Kidhibiti kinaweza tu kuacha kuongeza tatizo.

Suluhisho lililokubalika, ambalo Richard Redl na wenzake walilichambua kwa makini mwaka 1998, ni kuiachia volteji iteremke kwa makusudi mzigo unapoongezeka. Ikiwa maikroprosesa inavumilia dirisha la milivolti 100, na volteji ikawekwa katikati, kila upande unabaki na nafasi ya milivolti 50, ambayo haitoshi kuupokea mruko wa milivolti 94 uliokokotolewa hapo juu. Lakini ikiwa mzigo mkubwa umeiweka volteji chini ya dirisha, kuondoka kwa mzigo kunakuta milivolti zote 100 ziko wazi. Mteremko unaohitajika kwa ampia 50 ni miliomu 2. Kapasita zikichaguliwa zenye ukinzani wa ndani wa kiasi hicho hicho, volteji huhama kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kupitiliza. Kwa mtazamo huo, ukinzani wa ndani wa kapasita ni sehemu ya usanifu wa udhibiti, kinyume na ulivyozoeleka kuonekana kuwa kasoro ya kipuri.

Familia za mbinu

Msingi wa uchambuzi wa vigeuzi hivi uliwekwa na R. D. Middlebrook na Slobodan Ćuk wa Taasisi ya Teknolojia ya California mwaka 1976, walipoonyesha namna ya kuchukua wastani wa hali mbili za swichi ili kupata mfumo mmoja unaoweza kushughulikiwa kwa hisabati ya kawaida ya udhibiti.

Mbinu kongwe ni ya mrejesho wa volteji. Volteji ya kutoka hulinganishwa na kipimo, kosa hukuzwa, na kilinganishi hulipima kosa hilo dhidi ya wimbi la msumeno ili kupata upana wa mpigo. Ni mbinu isiyosumbuliwa sana na kelele za umeme. Udhaifu wake ni kwamba nguvu ya kitanzi chake huongezeka kadiri volteji ya kuingia inavyoongezeka, na kwamba kidhibiti hakijui kuwa chanzo kimebadilika mpaka badiliko hilo lionekane upande wa pili.

Mbinu ya mrejesho wa mkondo, iliyofafanuliwa na Cecil Deisch mwaka 1978, huongeza kitanzi cha ndani. Mpigo hukoma pale mkondo wa koili unapofikia kilele kilichoamriwa. Chanzo kikipungua, mkondo hupanda polepole zaidi, na mpigo hujirefusha wenyewe ndani ya mzunguko ule ule. Raymond Ridley, katika tasnifu yake ya mwaka 1990 huko Virginia Tech, alieleza kwa ukamilifu kwa nini kitanzi hicho huyumba kwa nusu ya marudio ya swichi uwiano wa mpigo unapozidi 0.5, na kwa nini mteremko wa bandia unahitajika ili kukituliza. Kwa volti 12 na 1 hatari hiyo iko mbali. Katika simu yenye seli moja ya lithiamu iliyoshuka hadi volti 3.3, kigeuzi cha volti 1.8 tayari kina uwiano wa 0.55. Tatizo la maikroprosesa za kompyuta ni lingine: swichi inapofunguliwa huzuka kelele, na kidhibiti hulazimika kufumba macho kwa nanosekunde 100 hivi kabla ya kuamini kipimo cha mkondo. Kwa mpigo wa nanosekunde 167, muda wa kupima unaobaki ni finyu mno.

Ndipo ikapata nguvu mbinu ya mpigo wa muda maalumu. Hapa kidhibiti hakina saa. Hungoja mkondo au volteji ishuke hadi kiwango cha chini, kisha hutoa mpigo wa urefu uliopangwa. Mzigo ukiongezeka ghafla, mipigo husongamana mara moja, na ile gharama ya kungoja mzunguko unaofuata hupungua sana. Kipimo huchukuliwa wakati swichi ya juu imefungwa, kipindi ambacho ni kirefu na kitulivu. Ili marudio yasipotee ovyo, watengenezaji huufanya urefu wa mpigo upungue kadiri volteji ya kuingia inavyopanda. Pasipo kukusudiwa hasa kwa ajili ya sola, mpango huo humpa mtumiaji wa betri zawadi: kidhibiti kinaijua hali ya chanzo kabla mzigo haujaathirika.

Dimitry Goder na William Pelletier, mwaka 1996, waliielekeza mbinu ya mrejesho kwenye viwimbi vya volteji ya kutoka vyenyewe, kwa kuwa viwimbi hivyo, vinapopita kwenye ukinzani wa ndani wa kapasita, hubeba sura ya mkondo wa koili. Mwitikio wake ni wa haraka mno. Masharti yake yatajadiliwa chini.

Udhibiti wa kidijitali hauhitaji maelezo marefu hapa. Hurahisisha kubadili vigezo bila kugusa chuma cha kulehemu, lakini huleta ucheleweshaji wa kupima na kukokotoa, na hauondoi kikomo chochote kati ya vilivyotajwa.

Msukosuko wa chanzo

Mashine ya kusaga nafaka inapowashwa moja kwa moja kwenye laini, mota yake huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida hadi itakaposhika kasi. Majirani huziona taa zikififia. Kompyuta ya mezani iliyoungwa kwenye laini hiyo hulindwa kwanza na sanduku lake la umeme, ambalo hudumisha volti 12 kwa milisekunde 16 hivi hata umeme ukikatika kabisa, muda usiofikia mzunguko mmoja wa gridi ya hezi 50. Kuwaka kwa mota huchukua zaidi ya hapo. Kwa hiyo kinachoamua ni upana wa volteji ambazo sanduku hilo linazikubali: la kisasa, lililotengenezwa kwa volti 100 hadi 240, halitikiswi na mshuko wa kutoka 230 hadi 160, la zamani lenye swichi ya kuchagua kati ya 115 na 230 huanza kushindwa karibu na 180. Katika njia hii, kigeuzi cha maikroprosesa ama hupata volti 12 safi ama hakipati kitu. Mbinu yake ya udhibiti haina la kusema.

Njia ya betri ni tofauti. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 hufikia 14.4 inapochajiwa mchana na kushuka hadi 10.8 inapokuwa imechoka chini ya mzigo. Ubao mama unaolishwa moja kwa moja na betri hupeleka mabadiliko hayo yote kwa kigeuzi. Uwiano wa mpigo huhama kutoka 0.069 hadi 0.093. Katika mrejesho wa volteji usio na taarifa ya chanzo, nguvu ya kitanzi mchana huwa kubwa kwa theluthi moja kuliko usiku. Msanifu aliyekaza kitanzi chake kwa volti 12 anaweza kukikuta kikikaribia kuyumba kwa 14.4. Dawa yake ni rahisi na ya zamani: kulifanya wimbi la msumeno likue sambamba na volteji ya kuingia.

Lipo tatizo gumu zaidi, ambalo Middlebrook alilibainisha mwaka 1976. Kigeuzi kinachodhibiti vyema volteji ya kutoka huvuta nguvu isiyobadilika. Volteji ya kuingia ikishuka, mkondo wake huongezeka. Kwa mtazamo wa chanzo, mzigo huo una ukinzani hasi, ambao ukubwa wake ni mraba wa volteji ukigawanywa kwa nguvu. Hapa ndipo ubora wa kidhibiti unapogeuka kuwa hatari, kwa maana kadiri kinavyotekeleza kazi yake kwa ukamilifu ndivyo ukinzani huo unavyokuwa hasi kwa ukamilifu.

Chukuliwe kompyuta ndogo ya wati 60 iliyoungwa na betri kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, umbali wa mita 10. Waya huo, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.23, na tuseme mikrohenri 10. Betri ikionyesha volti 12.1 kwenye ncha zake, kompyuta hupata 10.8, kwa sababu ampia 5.6 hupoteza takriban volti 1.3 njiani. Ukinzani hasi wa mzigo ni omu 1.9. Ikiwa mlangoni mwa kompyuta pana kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 22 pekee, kilele cha ukinzani wa waya na kapasita hiyo kinafikia takriban omu 2, na mfumo huo unaanza kuyumba wenyewe kwa takriban kilohezi 11. Betri si mbovu, wala maikroprosesa, wala kigeuzi. Kompyuta hiyo hiyo ikitumia wati 20 kwa volti 12 ina ukinzani hasi wa omu 7.2 na haina tatizo lolote. Mtumiaji ataona kwamba kompyuta hujizima jioni tu, na tena anapofungua kazi nzito, naye ataishutumu betri. Waya mfupi, au kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 470 mlangoni, yenye ukinzani wa kuzimua mtikisiko, hutosha kuondoa kasoro.

Inafaa kuonya kwamba waya mnene peke yake hupunguza pia ukinzani uliokuwa ukituliza mtikisiko. Anayeongeza unene bila kuongeza kapasita anaweza kujikuta amerejea alipoanzia.

Kapasita mikononi mwa fundi

Kapasita za elektroliti huzeeka kwa joto. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji ni kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 za sentigredi hupunguza umri wake kwa nusu. Kimiminika kikikauka, uwezo hupungua na ukinzani wa ndani hupanda. Katika mfano uliotangulia, ukinzani wa kapasita zote ukipanda kutoka miliomu 2 hadi 6, mruko wa ampia 50 unaleta badiliko la papo kwa papo la milivolti 300. Maikroprosesa hujianzisha upya. Kwa mtumiaji, dalili hii haitofautiani na ya umeme kucheza, na huenda malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa gridi yangepaswa kuelekezwa hapa.

Fundi wa Bariadi au Lamadi anayeiona kapasita iliyovimba huing'oa na kutafuta mbadala wenye mikrofaradi na volti zile zile. Kwa saketi nyingi desturi hiyo ni sahihi. Kwa kigeuzi kinachotumia mpigo wa muda maalumu na kusoma viwimbi vya volteji ya kutoka, haitoshi, kwani uthabiti unataka ukinzani wa ndani ukizidishwa kwa uwezo wa kapasita uzidi nusu ya urefu wa mpigo. Kapasita ya polima ya mikrofaradi 470 na miliomu 8 inatoa mikrosekunde 3.76, zaidi ya mara arubaini ya nusu ya mpigo wa nanosekunde 167. Kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 22 na miliomu 2 inatoa mikrosekunde 0.044, ambazo hazifiki 0.083 zinazohitajika. Kuziunga nyingi sambamba hakusaidii: uwezo huongezeka na ukinzani hupungua kwa kiwango kile kile, na zao halibadiliki. Kapasita iliyo bora zaidi kwa kipimo cha duka huleta mipigo miwili miwili, mlio mwembamba wa koili, na joto.

Sharti hilo hukaza zaidi betri inaposhuka. Kwa volti 10.8 mpigo hurefuka hadi nanosekunde 185, na kiwango cha chini kinapanda hadi 0.093. Saketi iliyofanyiwa matengenezo na kujaribiwa mezani kwa volti 12, ikaonekana nzima, inaweza kuyumba ikirudishwa kijijini. Vidhibiti vipya huongeza wimbi la bandia ndani ya chipu ili kukwepa utegemezi huu, na maikroprosesa za Haswell za mwaka 2013 ziliingiza sehemu ya vigeuzi ndani ya kipande chenyewe cha silikoni, kwa marudio ya takriban megahezi 140, mahali ambapo hakuna fundi anayefika. Lakini kompyuta nyingi zinazofika vijijini zimekwisha kutumika kwingine, na ndani yake mna vidhibiti vya kizazi cha kabla ya hapo.

Kwa sababu hiyo, jaribio la kigeuzi kilichotengenezwa upya lifanywe katika volteji tatu, 10.8, 12 na 14.4, kila moja kwa mruko wa mzigo wa kupanda na wa kushuka, na kwa waya ule ule utakaotumika au wenye urefu na unene sawa. Osiloskopu ikiwepo, isomwe kwenye ncha za kapasita ya kutoka na, kwa kipimo cha pili, kwenye mlango wa kuingilia. Isipokuwepo, mita ya kawaida inayoonyesha volteji ya kuingia ikishuka mfululizo huku taa ya kompyuta ikipepesa inatosha kumwelekeza fundi kwenye waya kabla hajaigusa kapasita yoyote.